Mezani kwa Fundi: Picha ya Orijino, Mzigo wa Feki

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu chaja iliyoyeyuka, nikadhani yameisha. Barua zilizofuata zimejaza droo. Wengi mnauliza swali moja kwa sura tofauti: nitajuaje kitu ni feki kabla sijakilipia, na mimi nakiona kwenye skrini tu? Kwa kukitazama hutajua. Picha unayoitazama ni ya bidhaa halisi, imechotwa kwenye tovuti ya kiwanda chenyewe. Ile feki haijawahi hata kupigwa picha. Ndiyo maana mimi siku hizi picha naipita. Namkagua anayeuza, napiga hesabu ya anachodai, kisha natazama njia ambayo pesa yangu itarudia ikibidi. Nimechagua barua saba. Ndefu nimezipunguza, mniwie radhi.

*

*Shikamoo Fundi. Nilinunua mtandaoni memori kadi ya GB 512 yenye jina la kampuni kubwa, kwa chini ya robo ya bei yake. Simu iliisoma vizuri, ikaonyesha GB 512 kamili. Kwa miezi nimejaza humo picha na video za mwanangu tangu azaliwe. Juzi nafungua, majina ya picha yapo lakini nyingi hazifunguki, ni miraba ya kijivu tu. Zimekwenda wapi? Na zitarudi? — Mama Kichanga*

Marahaba, na pole sana. Hazijakwenda popote, maana nyingi hazikuwahi kuhifadhiwa.

Ndani ya kadi kuna vitu viwili. Kuna chipu inayobeba data, na kuna kidhibiti, kidude kinachoiongoza hiyo chipu na kuijibu simu inapouliza, "Una nafasi kiasi gani?" Mtengeneza feki huchukua chipu ya GB 16, mara nyingine hata 8, akakipanga kidhibiti kijibu "512". Simu haina sababu ya kubisha. Inaandika, kadi inaitikia kwamba imepokea, na zile 16 zikishajaa kadi ama inaandika juu ya vya zamani ama inavimwaga vipya. Majina unayaona kwa sababu orodha ya mafaili hukaa mwanzoni mwa kadi, na mwanzo ndiyo sehemu pekee iliyo ya kweli. Ni kama daftari la stoo lililoandikwa mali yote, ukifungua mlango unakuta panya.

La kufanya sasa hivi: itoe kadi kwenye simu na usiandike kitu kingine juu yake. Iweke kwenye kompyuta kwa kisomea kadi, uipitishie programu ya PhotoRec, ambayo ni ya bure. Kulingana na ilivyopangwa kudanganya, zitakazopona zitakuwa za mwanzo au za mwisho. Nyingine zitafute kwa watu. Kila picha uliyowatumia ndugu na marafiki huenda bado imo kwenye simu zao, hata kama ubora umepungua kidogo. Mteja wangu mmoja alipata zaidi ya mia mbili kwa njia hiyo, na kadi yenyewe haikumrudishia hata moja.

Kwa wengine wote, kadi au flashi ikifika, ipime siku hiyohiyo kabla haijaingia picha yoyote. Kwenye Windows tumia H2testw, programu iliyotoka kwa watu wa jarida la kompyuta la Kijerumani la c't. Kwenye Mac na Linux kuna F3, na herufi hizo zinasimama badala ya maneno yenye maana ya kupambana na udanganyifu wa flashi. Zote mbili hujaza kadi hadi pomoni kisha huisoma upya neno kwa neno. Kadi ya GB 512 inaweza kuchukua saa saba au zaidi, kwa hiyo ianzishe usiku ulale. Ikisema ilichoandika sicho ilichosoma, una ushahidi wa kumpelekea muuzaji wakati siku za kurudisha hazijaisha.

Kuna siku niliifungua diski ya nje iliyoandikwa TB 2. Kesi nzuri ya bati, nzito mkononi. Ndani nikakuta memori kadi moja ndogo kama ukucha imegandishwa kwa gundi, na pembeni kipande cha chuma ili mkono upate kuridhika. Aliyetengeneza alijua kabisa kwamba mtu hupima ubora kwa uzito. Nimekitundika kile chuma ukutani.

*

*Fundi, mimi hutazama kufuli tu kwenye anwani ya tovuti. Kukiwa na kufuli nanunua. Nakosea? — Mtu wa Haraka*

Unakosea. Kufuli husema kwamba maneno yanayopita kati yako na ile tovuti yamefichwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Halisemi chochote kuhusu aliye upande wa pili. Tapeli naye anapata kufuli, bure, kwa dakika chache. Kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo mwaka 2023, kwa sababu watu wengi walikuwa wakiielewa kama unavyoielewa wewe.

Afadhali utazame umri. Nenda kwenye ukurasa wa utafutaji wa ICANN, shirika linaloratibu majina ya tovuti duniani, andika jina la tovuti, soma tarehe lilipoandikishwa. Duka linalojisifu lina "wateja waaminifu kwa miaka 15" na jina lake limeandikishwa wiki tatu zilizopita, hilo lishakujibu. Jina lenyewe pia lisome herufi kwa herufi. Hawa watu wanapenda kuongeza kistari, au neno dogo la "punguzo" pembeni ya jina la kampuni unayoijua.

*

*Nilinunua vipodozi kwenye soko kubwa la mtandaoni. Muuzaji alikuwa na nyota 4.8 na maoni zaidi ya elfu tatu. Kilichofika kina harufu ya rangi ya ukuta. Watu elfu tatu wote hawana pua? — Nimelizwa Mchana Kweupe*

Pua wanazo. Huenda walinusa kitu kingine.

Ujanja wa kwanza: ukurasa wa bidhaa una historia. Muuzaji anaanza kwa kuuza vifuniko vya simu vizuri, anakusanya maoni, halafu anabadilisha jina na picha ya ukurasa uleule, sasa unauza vipodozi. Nyota zinabaki. Au anaunganisha bidhaa mpya na ya zamani kana kwamba ni rangi mbili za kitu kimoja, ili maoni ya moja yafunike nyingine. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni moja ya vitamini kwa mchezo wa aina hii, ikalipa dola 600,000. Kwa hiyo usisome nyota, soma maneno. Panga maoni kwa tarehe, mapya juu. Ukiona mtu anasifu "inakaa vizuri mfukoni" chini ya poda ya uso, funga ukurasa. Maoni ya nyota mbili na tatu yana faida kuliko yote. Anayeipenda sana hueleza kidogo, na anayelipwa kusifu hafiki huko. Tafuta picha zilizopigwa na wateja wenyewe, zile zenye mwanga mbaya na kitanda hakijatandikwa.

Ujanja wa pili ni wa soko lenyewe. Jina kubwa lililo juu ya ukurasa silo linalokuuzia. Masoko mengi ya mtandaoni huuza bidhaa zao, na papo hapo yanapangisha nafasi kwa wauzaji wengine. Chini ya kitufe cha kununua, kwa herufi ndogo, pameandikwa inauzwa na nani na inatumwa na nani. Hayo ni mambo mawili. Mzigo unaweza kutoka kwenye ghala la soko lenyewe huku mwenye mali akiwa mtu usiyemjua kabisa. Bonyeza jina lake. Anwani ipo? Anauza nini kingine? Anayeuza poda, pampu za maji na viatu vya watoto kwa pamoja hana mkataba na kampuni yoyote kati ya hizo tatu.

Na usidhani haya yanawapata wasiojua kusoma. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilinunua bidhaa 47 kwa wauzaji wa aina hiyo kwenye masoko maarufu, wote wakiwa na alama za wateja zaidi ya asilimia 90. Ripoti yake ya mwaka 2018 inasema 20 zilikuwa bandia. Viatu vilivyonunuliwa, jozi zote 15, vilikuwa halisi. Vipodozi 13 vilivyonunuliwa, vyote 13 bandia. Kwa hiyo usijione mjinga. Kwa vipodozi, mimi ningeanzia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kwenye ukurasa unaotaja wauzaji walioidhinishwa, nikabonyeza kiungo kutoka hapo. Nisingetafuta jina la kipodozi kwenye soko kisha nikaanza kushuka chini.

*

*Fundi, unatutisha bure. Mimi nanunua kopi kwa makusudi. Mkoba kopi, saa kopi, manukato kopi, na napendeza. Kwa nini nilipie jina? — Kopi Safi*

Mkoba sina ugomvi nao, au tuseme ninao lakini ni mdogo. Unajua unachonunua, hakuna aliyekudanganya, na kesi ya alama ya biashara waachie wenye alama. Mkoba ukikatika mkanda, utaokota vitu chini uende zako.

Lakini usiuweke mkoba na manukato kwenye mstari mmoja. Kinachopakwa mwilini, kinachomezwa na kinachochomekwa ukutani mimi navitoa kabisa kwenye hesabu ya kopi. Polisi wa Jiji la London walipoonya mwaka 2015 kuhusu vipodozi na manukato bandia, vipimo vilikuwa vimekuta arseniki, zebaki, madini ya risasi, na mkojo. Sitanii. Dawa ndiyo usiiguse: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni duni au bandia, na hapo hatujamzungumzia anayeuza dawa kwenye ukurasa usio na anwani wala mfamasia.

Chaja ndiyo kazi yangu, kwa hiyo hapa nina maneno. Mwaka 2016 kampuni ya upimaji wa usalama ya UL ilizipima chaja 400 zilizoiga za Apple. Zilizofaulu ni 3. Kati ya zilizoanguka, 12 zilikuwa zimeundwa vibaya kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa shoti. Nikiifungua chaja ya kweli naona upande wa umeme wa ukutani na upande wa simu umetenganishwa, kuna mfereji uliokatwa kwenye bodi na transfoma iliyofungwa vizuri kwa utepe. Nikiifungua feki naona pande hizo mbili zinakaribiana kama majirani wa ukuta mmoja, nafasi ya kupitisha ukucha tu. Siku unyevu au joto likiziba nafasi hiyo, umeme wa ukutani unaingia kwenye simu, na simu iko sikioni mwako. Napendeza hapo haisaidii, Kopi Safi.

*

*Nimeona pawabenki ya mAh 50,000, nyepesi, inaingia mfukoni, uzito gramu 210. Maelezo yanasema inafaa kwa wasafiri wa ndege. Ninunue? — Msafiri*

Barua hii naipenda kwa sababu muuzaji amejikaanga kwa mafuta yake. Tuchukue kalamu.

Betri ya duara inayotumika kwenye pawabenki nyingi inaitwa 18650. Jina ni vipimo vyake tu: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Iliyo nzuri kutoka kiwanda kinachoheshimika hubeba kama mAh 3,500 (mAh ni kipimo cha chaji inayokaa ndani ya betri), na ina uzito wa gramu 45 hivi. Ili ufike 50,000 unahitaji betri kama 15. Kumi na tano mara 45 ni gramu 675, bila kesi, bila bodi, bila waya. Yako ina 210 pamoja na kesi. Hata tukimhurumia, humo ndani hazizidi betri nne, na nne zikiwa nzuri ni 14,000. Zinazotumiwa na watu wa namna hii si nzuri.

Na hiyo ndege: 50,000 mara volti 3.7, gawanya kwa elfu, ni saa-wati 185, yaani kipimo cha nishati iliyomo. Kanuni za abiria wa ndege huruhusu hadi 100 bila kuomba, kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika, na juu ya 160 hakuna. Kwa hiyo kama anasema kweli, huwezi kusafiri nayo. Kama unaweza kusafiri nayo, hasemi kweli.

Msinione mjanja. Haya niliyajua baada ya kulizwa. Miaka ya nyuma niliagiza betri 20 za tochi, zimeandikwa mAh 9,900 kila moja. Fundi mzima! Nilisoma ile namba nikafurahi, nikawaahidi wateja watatu. Zilipofika nikaziona nyepesi, nikaiweka moja kwenye mizani ndogo ya kupimia solda: gramu 24. Nikaikata kwa uangalifu, nikakuta ndani betri nyembamba iliyozungushiwa unga mweupe wa kujazia nafasi. Niliwarudishia wateja pesa zao, na muuzaji hakujibu ujumbe hata mmoja. Tangu hapo mizani haitoki mezani, na kila maelezo ya bidhaa nayasoma kwa kutafuta mahali palipoandikwa uzito. Wadanganyifu hudanganya uwezo, hudanganya jina, lakini uzito mara nyingi huandika wa kweli kwa sababu gharama ya usafirishaji inaufuata.

*

*Muuzaji aliniambia nikilipa nje ya tovuti, moja kwa moja kwake, atanipunguzia. Nililipa. Saa iliyofika ni feki hata mtoto anaijua. Sasa anasema nimrudishie mzigo kwanza ndipo anirudishie pesa. Nifanyeje? — Nimeponzwa na Punguzo*

Mzigo usiutume. Hiyo saa ndiyo ushahidi wako pekee, na ukishaituma nje ya utaratibu wa tovuti, atasema hakupokea au amepokea boksi tupu.

Ulipotoka nje ya tovuti ulitoka nje ya ulinzi wake, na yeye alikupunguzia kwa sababu hiyo. Sikulaumu sana, lakini ni lazima niseme ili mwingine asikie. Masoko mengi hushikilia pesa au huweka siku za malalamiko; anayekwambia mmalizane pembeni anazikimbia siku hizo. Hata hivyo ziripoti zile jumbe alizokuandikia ndani ya tovuti. Wengi hufungiwa akaunti kwa kosa hilo peke yake.

Sasa swali ni ulilipa kwa njia gani. Kama ni kadi ya Visa au Mastercard, piga simu benki yako leo, useme unataka kupinga malipo kwa sababu umeuziwa bidhaa bandia. Tumia neno hilo, bandia, usiseme tu kwamba hukuipenda. Kanuni za mitandao hii zinaitambua bidhaa bandia kama sababu inayojitegemea, na muda wa kawaida ni hadi siku 120, ila benki yako inaweza kuwa na taratibu zake, kwa hiyo usingoje. Watakuuliza ushahidi. Wape picha za saa karibu na picha ya halisi, maelezo ya tangazo uliyoyahifadhi, mazungumzo yenu yote, na kama unaweza, barua fupi kutoka kwa fundi saa au kampuni yenyewe kwamba si yao. Kama ulimtumia kama mtu anavyomtumia rafiki, yaani pesa imetoka kwako ikaingia kwake bila mtu wa katikati, nafasi ni finyu. Ripoti kwa kampuni iliyopitisha malipo na kwa polisi, na mapema ndiyo nafuu, maana pesa ikiwa bado haijatolewa inaweza kuzuiwa.

Mara nyingine, kifurushi kikifika, washa kamera ya simu kabla ya kukata utepe. Onyesha lebo yenye jina lako, kata, toa, geuza, yote katika video moja isiyokatwa. Mimi hufanya hivyo hata kwa bisibisi. Mke wangu anacheka.

*

*Nimeshajua chaja yangu ni feki. Inachaji vizuri bado. Naweza kuiuza kwa bei ndogo nikimwambia mnunuzi ukweli? — Muungwana*

Hapana. Wewe utamwambia, yeye akiiuza hatamwambia wa tatu. Ikate waya, na uukate karibu kabisa na kichwa chake, kwa sababu ukibakiza hata kipande cha kidole kuna fundi mwenzangu atauunga. Kisha kipeleke kichwa panapokusanywa taka za elektroniki. Waya uliobaki nitumie. Shaba yake, ikiwapo, nina kazi nayo.